Flashi kwenye imbalu? Rudi dukani ukadai hela yako

Umeuliza hapo juu ubebe vifaa gani kupiga picha za imbalu, ile tohara ya vijana wa Kimasaaba huko Mbale, mashariki mwa Uganda. Mambo ya lenzi na kadi tutayafikia tukijaliwa, lakini hiyo flashi unayosema umeshailipia nusu bei ili uende nayo Mbale msimu wa imbalu, rudi kadai hela yako. Mwenye duka akikataa, mwachie. Hasara yako itakuwa ndogo kuliko yangu.

Yangu niliinunua Kampala mwaka 2022, shilingi 350,000, kwa bwana mmoja aliyeniapia kwamba picha za kijijini bila flashi ni giza tupu. Mtu ambaye nina hakika hajawahi kuiona imbalu hata kwenye kalenda ya ukutani! Nami, mwana wa Jinja niliyejiita mpiga picha kwa sababu nilipiga picha za kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, ya binamu yangu, nikaitikia tu kama mjusi.

Kwenye uwanja wa Mutoto, msimu unapofunguliwa Agosti, kila mtu ana kamera, huna la kuharibu. Shida iko vijijini. Siku mbili nilifuata kadodi, ngoma unazisikia mpaka tumboni, flashi inawaka, watu wanacheza, watoto wananikimbilia niwapige tena. Nikavimba kichwa.

Siku ya tatu tulikuwa kwenye ua wa nyumba moja, mawingu yameshuka kutoka mlima Elgon. Kijana wa miaka 19 amesimama, fimbo ameishika juu ya kichwa kwa mikono miwili. Uso umepakwa unga wa ulezi uliochachuka, umeanza kukauka na kupasuka mashavuni. Nzi akamtua mdomoni, hakumfukuza. Wewe utadhani watu wanamwangalia ngariba. Wazee wanaangalia macho ya kijana. Akipepesa, akitetemeka, aibu ni yake na ya ukoo mzima. Ngariba akainama. Nami, hatua tatu mbele ya kijana, nikabonyeza.

Akafumba macho. Nani asingefumba?

Vigelegele vilianza, vikakatika. Baba yake mdogo akaushika mkanda wa kamera ungali shingoni mwangu, nikaongozwa hadi nyuma ya migomba kama ndama. Kwa muda wa karibu saa mbili nzima walibishana Kimasaaba. Wakataka kuiona picha. Unga ulikuwa bado mbichi kwenye paji la uso, ukarudisha mwanga wote: uso mweupe kama chokaa, macho yamefumbwa kabisa. Asiyejua angesema kijana alikufa kwa hofu. Niliifuta mbele yao. Mzee mmoja ndiye aliyeniokoa, akasema kilichotetemeka hapa ni mwanga wa mgeni, si mtoto wetu. Faini mbuzi mmoja. Nililipa, nyama sikuonja, na hapo ndipo huwa nachekesha watu nikisimulia.

Nisichokisimulia ni kwamba mwaka juzi nilikutana na binamu wa kijana yule sokoni Mbale. Kijana yule wenzake bado wanamwita "Flashi".

Kwa hiyo hao watakaokuja hapa chini kukuambia uielekeze juu mwanga urudi taratibu: juu kuna nini, dari? Ni mbingu. Na usidhani kuzima flashi kunatosha. Kamera nyingi zina kataa, yaani taa ndogo, ka rangi ya chungwa mbele, kanakowaka kenyewe kamera ikitafuta fokasi. Kazime kwenye menyu, halafu bandika plasta nyeusi juu yake, usije ukasahau. Mlio wa fokasi nao zima. Kisha mwanga ukififia sana panda ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hata 3200 bila woga, spidi 1/250 ya sekunde, lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, inayofunguka sana kuingiza mwanga, ambayo mitumba yake si ghali. Picha itakuwa na chengachenga. Mwache awe na chengachenga, macho yake yatakuwa wazi. Na usikae mbele yake. Kaa pembeni, nyuma ya bega la mjomba, upige nyuso za wazee. Ndiko hadithi iliko.

Betri chaji kwenye duka la simu pale senta, beba mbili. Kadi mbili pia. Kuhusu kuuza picha uliuliza nini vile? Nimesahau, na siwezi kupanda juu kusoma tena nikiwa na hasira hizi.

Flashi yangu bado iko chini ya kitanda, ndani ya boksi lake. Usiniulize bei, sikuuzii.