Ugali na maharage bila nyama, mtoto atadumaa?

Dada, nimekuelewa: nyama imepanda bei, mwanao wa miaka 3 anakula ugali na maharage, na jirani anakutisha kwamba atadumaa. Mwili hauchukui nyama ukaibandika kwenye msuli. Unaimeng'enya protini ya nyama au maharage kuwa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyoijenga, kisha seli zinaziunga upya kama shanga kwenye uzi. Ziko aina 20, na 9 lazima zitoke kwenye chakula. Mahindi yana kidogo lisini, mojawapo ya hizo 9, maharage yanayo tele. Maharage yakipungukiwa methionini, nyingine ya hizo 9, mahindi yanaziba pengo. Wangu niliwatilia dagaa wa kusaga kwenye uji, kijiko tu, na yai nikilipata. Cha kuogopa ni ugali kwa mchuzi mtupu. Ukiona miguu imevimba au nywele zinageuka rangi na kunyonyoka, mpeleke hospitali leo leo.