Ukuta wa mazoezi ya tenisi: tazameni kelele kwanza

Ndugu Katibu, umeuliza kama kamati yenu ijenge ukuta wa mazoezi ya tenisi katika bustani ya umma ya mtaa, ilhali baadhi ya wakazi wanapinga. Kwa maoni yangu ujengeni, mradi ipatikane sehemu iliyo mbali na madirisha ya watu, kwa kuwa mlio wa mpira unaogonga zege mfululizo tangu alfajiri huchosha majirani kuliko mchezo wenyewe. Faida ya ukuta huo ni kwamba anayeanza hahitaji mwenzake, kwa kuwa ukuta ndio unaomrudishia mpira.

Kimo cha mita 3 hivi kinatosha. Choreni mstari wa wavu kwenye sentimita 91.4, kipimo cha katikati ya wavu halisi, na mbele yake acheni sakafu ngumu ya angalau mita 12, kwa sababu kutoka kwenye wavu hadi mstari wa nyuma ni mita 11.89. Matofali yasiyopigwa lipu hurudisha mpira kombo, kwa hiyo msibane fedha hapo. Suala la msingi na nondo mwachieni mhandisi, maana ukuta unaosimama peke yake husukumwa na upepo, na watoto wataukwea tu, mkataze msikataze. Saa za kucheza ziandikwe kwenye kibao siku ile ile ukuta unapofunguliwa.