Re: Shafti ya pampu inatetemeka kwenye mizunguko 1500 kwa dakika na hesabu inasema 32 Hz

Mkuu, ugumu wa kusokotwa umepiga sawa, chuma cha milimita 40 urefu mita 1 kinatoa kama 20,100 Nm kwa radiani, ulipoteleza ni hiyo 32 Hz ya masafa asilia (mara ambazo shafti husokoteka na kurudi yenyewe kwa sekunde), umeweka inershia (ukaidi wa kitu kubadili mzunguko) ya pampu peke yake (0.5 kg·m²) kana kwamba flaiwili (gurudumu zito la injini) imefungwa ukutani wakati nayo inazunguka na ina 2 kg·m² yake. Chukua ugumu zidisha 2.5 (yaani 2 + 0.5), gawanya kwa 2 × 0.5, toa kipeuo cha pili, gawanya kwa 2π, unapata karibu 36 Hz. Sasa dizeli ya silinda 3 ya foo-stroki (kila silinda hulipua mara moja kwa mizunguko miwili) kwenye 1500 inalipua mara 37.5 kwa sekunde, yaani iko mlangoni kabisa kwa hiyo 36, ndo maana inatetemeka! Weka shafti ya milimita 50, ugumu unapanda mara 2.4 hivi na wewe unahamia 56 Hz, mbali na hiyo 37.5. Ila kama kati kuna kaplingi (kiunganishi cha shafti) ya mpira usiiruke kwenye hesabu, hiyo ndo inalegeza kila kitu.