Kanji za Wanawake na Jamaa: Nianzie Wapi?

SWALI: Mhariri, ninajifunza Kijapani jioni baada ya kazi. Mwalimu ametupa orodha ya kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, zinazohusu wanawake na familia, nami ninazichanganya kwa sababu nyingi zina alama ile ile ya 女. Tena sielewi kwa nini mama yangu ni haha ilhali mama wa mwenzangu ni okaasan. Nishike njia gani?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Alama inayokutatiza ndiyo itakayokusaidia, mradi usiitazame peke yake. Aghalabu 女, yenye mistari mitatu, hudokeza kwamba neno linahusu mwanamke, ukoo au ndoa, huku sehemu iliyo kuliani kwake ikidokeza matamshi yenye asili ya Kichina: 姓, jina la ukoo, husomwa sei kama 生, 婚, ndoa, husomwa kon kama 昏, na 嫁, bibi harusi au mkaza mwana, hubeba sauti ka ya 家, nyumba. Walimu hupenda visa, kwamba 好, kupenda, ni mwanamke na mtoto, na 安, utulivu, ni mwanamke chini ya paa. Vikumbukie herufi, lakini usivichukue kuwa historia. Isitoshe, 安 utaikuta sana dukani, ikimaanisha bei rahisi.

Kwenye majina ya jamaa, Mswahili ana nafuu. Wajapani hawana neno moja la kila siku kwa dada wa umri wowote: mkubwa ni 姉 (ane), mdogo ni 妹 (imouto). Shangazi na mama mdogo wote huitwa oba, ila maandishi hutenganisha umri: 伯母 amemzidi umri mzazi wako, 叔母 ni mdogo kwake. Kwa hiyo mama mkubwa ni 伯母 na mama mdogo ni 叔母, lakini shangazi huwezi kumwandika kabla ya kujua kama ni mkubwa au mdogo kwa baba yako.

Ama haha na okaasan, herufi ni moja, 母. Kinachobadilika ni adabu. Ukimtaja mama yako mbele ya watu baki, sema haha. Mama wa mwenzako, na hata wako unapomwita nyumbani, ni okaasan. Basi acha kukariri orodha, uandike sentensi kuhusu jamaa zako mwenyewe, kila mmoja kwa kanji yake.