Jibu: Mnara wa taa wa kupanda, kwenda na kurudi Tokyo siku moja

Ndugu, kama unataka mnara wa zamani unaopandika hadi juu na urudi Tokyo siku hiyo hiyo, nenda mnara wa taa wa Inubosaki, mjini Choshi, pwani mashariki ya Tokyo. Treni ya haraka ya Shiosai kutoka Tokyo hutumia kama saa 2. Ukishuka Choshi usitoke nje: kitreni cha Choshi Dentetsu kiko mwisho wa jukwaa hilo hilo. Kadi za treni za Tokyo huko hazipokelewi, mlipe kondakta taslimu. Shuka kituo cha Inubo, tembea dakika 10.

Kiingilio yeni 300. Ngazi ni za mzunguko, vidato 99, nyembamba; begi kubwa litakusumbua. Upepo ukizidi hufungwa, kwa hiyo tazama hali ya hewa asubuhi. Mnara ulianza kuwaka mwaka 1874, na matofali yake yalichomwa Japani kwenyewe.