Si kila kijidudu ni kirusi

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Dada yangu anaishi Minnesota, Marekani. Aliumwa na kupe, akashikwa na homa, daktari akamwambia ni anaplasmosisi. Hapa nyumbani wengine wanaiita homa ya papasi, wengine virusi vya kupe. Lipi sahihi?"

Yote mawili si sahihi, ila la kwanza nalisamehe. Papasi ni jamaa ya kupe, lakini yeye hukaa kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku, hunyonya upesi na kurudi mafichoni. Kupe wa huko Minnesota huganda mwilini siku kadhaa. Homa ya papasi ina bakteria wake, Borrelia, waliomuua mtafiti Dutton huko Kongo mwaka 1905 akiwa anauchunguza ugonjwa huohuo. Wafugaji wangekaribia zaidi: ndigana baridi ya ng'ombe huletwa na bakteria aina ya Anaplasma, ndugu wa aliyemwingia dada. Ndugu tu, si yeye.

La pili silisamehe hata kidogo. Tangu UKIMWI, na zaidi tangu UVIKO-19, neno "virusi" limemeza kila kijidudu. Nimesoma hata "virusi vya bakteria vinavyoenezwa na kupe". Jamani! Virusi vya bakteria vipo kweli, navyo huwashambulia bakteria wenyewe; binadamu havimgusi. Aliyeandika hivyo ni sawa na anayesema "simba wa swala" akikusudia swala. Kataja mlaji, kaacha mliwa, na msomaji kaondoka na onyo juu ya kitu kisichomdhuru.

Bakteria asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya kijiti, na virusi ni Kilatini, sumu. Tuyaache hayo. Linaloniudhi ni kwamba mgonjwa akisikia "virusi" hukata tamaa, anadhani dawa hakuna. Anaplasma aliyemwingia dada hujificha ndani ya seli nyeupe za damu, lakini ni bakteria, na dawa ya doksisaiklini humweza vizuri ikianza kutumiwa mapema. Kupe wa aina hiyohiyo, katika misitu hiyohiyo, hubeba pia kirusi cha Powassan, ambacho hushambulia ubongo na hakina dawa yake maalumu. Uking'atwa na mmoja wao, utataka kujua umeambukizwa kipi, na anayeviita vyote virusi amekunyima jibu hilo.

Usipojua aina, sema "vijidudu", hakuna atakayekulaumu. Ukijua, andika "bakteria", na uwaweke kwenye ngeli ya a-wa: bakteria hawa wameenea. Wapo wanaosema "bakteria hizi", nami nimechoka kugombana nao. Kwa dada andika: "anaplasmosisi, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na kupe". Ni maneno mengi, lakini kila moja lina kazi yake.