Maswali ya Wasomaji: Tiketi ya Swissair na shirika lililokufa

SWALI: Shikamooni wahariri. Marehemu baba yetu ameacha tiketi ya karatasi ya Swissair, lile shirika la ndege la Uswisi, Dar es Salaam hadi Zurich, pamoja na begi jekundu la plastiki laini. Mwaka wa safari hatuuoni. Je, tunaweza kudai fedha kwa SWISS ya sasa? Na mbona begi limeanza kunata? (Msomaji, Upanga)

JIBU: Marahaba, Mungu amrehemu mzee. Fedha hamtapata. SWISS si Swissair iliyobadili jina, na ushahidi mnao mkononi. Tazameni tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi: Swissair ilikuwa 085, na safari zake zikianza kwa herufi SR. SWISS hutumia 724 na LX, vyote urithi wa Crossair, shirika dogo la Basel lililoanza mwaka 1975. Swissair ilipoanguka mwaka 2001, Crossair bado ilikuwa kampuni hai kisheria. Hiyo ndiyo iliyopokea sehemu kubwa ya ndege na njia, ikabadili jina kuwa SWISS mwaka 2002. Madeni ya Swissair yalibaki kwa wafilisi wake, na madai yalikuwa na mwisho wa kupokelewa. Isitoshe, tiketi ya kawaida ya karatasi ilikuwa ikiisha nguvu baada ya mwaka mmoja.

Kuhusu mwaka: mistari ya safari huonyesha siku na mwezi tu, kwa mfano 14AUG. Mwaka utafuteni kwenye muhuri wa wakala aliyetoa tiketi, sehemu ya juu. Kama wino umefifia, zimeni taa, mulikeni tochi kutoka ubavuni. Alama za mashine zitajitokeza. Mkikuta imebaki nakala ya abiria peke yake, bila kuponi za safari, basi yaelekea mzee alisafiri kweli, kwa sababu kuponi zilikuwa zikichanwa mtu alipopokelewa uwanjani. Msiifunge tiketi hiyo ndani ya plastiki ya moto (laminesheni): ile kaboni nyekundu ya mgongoni huchafuka na maandishi hupotea.

Begi linanata kwa sababu mafuta yanayolainisha plastiki yanatoka nje, na joto letu la pwani huharakisha. Lifuteni kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo. Msitumie spiriti wala petroli. Likaukie kivulini, kisha mlijaze karatasi nyeupe ili lisijikunje. Gazeti halifai, wino wake hunywewa na plastiki na hautoki tena. Wala msilifungie ndani ya mfuko wa nailoni. Liacheni lipate hewa.

SWALI: Swissair iliitwa benki inayoruka. Ilikufaje? Ni ile ajali ya baharini Kanada? (Msomaji, Ubungo)

JIBU: Hapana. Ajali ya Septemba 2, 1998 iliua watu wote 229 waliokuwemo. Moto ulianzia juu ya dari, upande wa chumba cha marubani, ukashika vifuniko vya kuzuia joto na sauti vilivyowaka kwa urahisi. Yalikuwa maafa makubwa, lakini kilichoiua kampuni ni hisa ilizonunua.

Desemba 1992 Waswisi, kwa kura ya maoni, walikataa kujiunga na Eneo la Uchumi la Ulaya; waliokataa walikuwa asilimia 50.3. Anga ya Umoja wa Ulaya ikafunguliwa kwa wanachama, Swissair ikabaki nje, na abiria wa nchi ndogo ya milimani hawatoshi kujaza ndege za masafa marefu. Ndipo ikaamua kuingia kwa mlango wa wengine: asilimia 49.5 ya Sabena ya Ubelgiji, 49.9 ya LTU ya Ujerumani, 20 ya South African Airways, na sehemu za LOT ya Poland na mashirika ya Ufaransa. Tazama jinsi asilimia zilivyo chini ya nusu. Sheria za Ulaya zilitaka umiliki mkubwa ubaki kwa raia wa nchi wanachama, hivyo Swissair ilibeba hasara za watu bila kuwa na kauli ya mwisho. Huo ulikuwa uamuzi mbaya, tena uliorudiwa mara nyingi. Hasara ya mwaka 2000 ilikaribia faranga bilioni 2.9.

Baada ya Septemba 11, 2001 abiria walipungua ghafla na wauza mafuta wakataka fedha taslimu. Oktoba 2 ndege zikabaki chini. Serikali ilitoa kwanza faranga milioni 450, kisha ikaongeza nyingine, na ndege zikaruka tena kwa muda, hadi mwisho wa Machi 2002. Sabena ilikuwa imeshafilisika Novemba 2001.

SWALI: Ni kweli mmoja wa wakuu wa Swissair aliwahi kuruka juu ya Kilimanjaro? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Ni kweli. Walter Mittelholzer aliipiga Kibo picha kutoka angani mwaka 1930, mwaka mmoja kabla ya mashirika ya ndege ya Ad Astra na Balair kuungana na kuzaa Swissair, ambako alikuwa mkurugenzi. Hapo kabla, mwaka 1926 hadi 1927, alikuwa ametoka Zurich hadi Cape Town kwa ndege inayotua majini. Picha zake zinatunzwa na maktaba ya chuo kikuu cha ETH, Zurich, na zinatazamwa bure kwenye intaneti.